Wimbo Usio na Tusi

Bariadi, Jumapili mchana

Minza mwanangu,

Mama yako anakushughulikia tangu Alhamisi, sina la kuongeza. Blanketi limefungwa, karanga zimekaangwa, ile sabuni ya kugombaniwa dukani imepatikana, na umeshaambiwa mpaka umechoka kwamba usisinzie kwenye treni ukaacha begi miguuni mwa watu. Yote hayo ni kweli, yafuate. Mimi nimekaa hapa nyuma ya ghala, penye kivuli, nikuandikie jambo nililoshindwa kulisema jana wakati wa kula, maana wewe na kaka yako mlikuwa mmekabana kwa maneno na mimi nilikuwa nacheka.

Ulisema ukishakuwa hakimu, yeyote atakayeletwa mbele yako kwa kutukana watu ngomani utamfunga, kwa sababu nchi inayojengwa haina nafasi ya midomo michafu. Shija akasema mdomo ni mali ya mwenyewe, kila mtu aseme atakalo, na asiyependa azibe masikio. Mama yenu akasema ugali unapoa. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nawasikiliza watu wawili ninaowajua vizuri mno. Nilipokuwa mwenyekiti wa kijiji, msimu ule mmoja, nilianza nikiwa wewe, na kabla msimu haujaisha nikawa Shija, na kati ya hao wawili bibi Milembe wetu hapa jirani alinusurika kidogo tu kukatwa mapanga.

Kijiji kizima kinaijua habari hiyo. Wewe unaijua nusu, ile ambayo mtoto huachiwa aisikie. Nakupa nusu iliyobaki kwa sababu kesho unakwenda Morogoro kusomea uhakimu, na ukishamaliza watakuletea maneno ya watu mezani uyapime. Nataka uende ukiwa unajua jinsi yanavyoweza kupimwa vibaya na mtu mwenye nia nzuri.

Mwaka wa operesheni, tulipohamishiwa vijijini, wewe unakumbuka malori tu. Mimi nakumbuka kamba. Nilipewa kamba na vigingi nikaambiwa nipange kijiji kwa mistari, nyumba zitazamane, na nikapanga. Nilikuwa kijana, nilichaguliwa kwa sababu nasoma haraka na sauti yangu inafika mbali, na niliamini hakuna kitu kisichonyooka ukikivutia kamba. Watu waliozoea kuishi kila mmoja na ng'ombe zake na mbuga yake wakajikuta asubuhi wanasikia kikohozi cha jirani wasiyemjua hata jina la baba yake. Bibi Milembe alishuka kwenye lori la mwisho, na jiwe lake la kusagia, mbuzi wawili na kuku kwenye tenga. Wanawe walikuwa wamepelekwa kijiji kingine, upande wa Sola. Niliahidi kufuatilia ili waunganishwe, na sikufuatilia. Nikampa kiwanja kilichobaki, mwisho kabisa wa mstari wetu.

Unajua mbuga zetu hazina kuni. Mwenye vijana huwatuma mbali. Yeye hakuwa na wa kumtuma, akawa anapikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi ule unajua unavyokula macho. Akipika hivyo miaka mingi, macho ya mtu huwa mekundu basi. Bibi yako mzaa mama alikuwa nayo hayohayo na hakuna aliyesema kitu, maana alizungukwa na wanawe na kila mtu alijua ukoo wake. Bibi Milembe alikuwa na macho mekundu peke yake, kati ya wageni, na wa kwanza kumtilia shaka ya uchawi alikuwa mgeni kama yeye.

Sasa tuje kwenye mbina, ngoma zetu za mashindano. Pamba ikishauzwa na watu wamepata nguvu ya kucheka, makundi mawili ya ngoma yanasimama uwanjani, kila moja na manju wake, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na watazamaji wako huru kwenda upande wautakao. Aliyevuta wengi ndiye mshindi. Na huvutwa na nini? Huvutwa na matusi, mwanangu, tusidanganyane. Manju akimpata mkubwa akamvua nguo kwa maneno, uwanja mzima unamhamia. Wazee wanasema hata watemi walikuwa wanaimbwa hivyo mchana kweupe, na jioni kila mtu anarudi kwake na roho yake. Aliyetukanwa naye ana haki yake: humwendea manju wa upande wa pili, akampa habari za mbaya wake, na juma linalofuata anajibiwa palepale. Ni haki ya zamani na ilikuwa inafanya kazi, ila kwa mtu ambaye manju atakubali kumwimbia.

Mwaka ule walioimbwa sana nilikuwa mimi. Manju wa kundi la wenzetu, Nkwabi yule mwenye tumbo, alitunga kwamba mwenyekiti anakoroma mkutanoni, na akizinduka anasema imepitishwa. Akatunga kwamba viwanja vya watu navipima kwa kamba na changu nilikipima kwa macho. Halafu kuhusu ninavyokaa juu ya baiskeli ya kijiji, alisema jambo juu ya makalio yangu na ya ng'ombe wa kiangazi ambalo siliandiki hapa, maana najua barua hii utawaonyesha wenzako bwenini. La mkutanoni lilikuwa la uongo. La kiwanja, kama hujawahi kukipima chetu, kipime.

Ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Siku moja narudi nakukuta unatwanga na kuimba wimbo huo wote, na makalio yamo. Mama yako alitoka nje akijidai anaita kuku, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilikuchapa, Minza. Kesho yake nikaita halmashauri ya kijiji, tukapitisha sheria ndogo: ni marufuku kutukana mtu ngomani, na atakayetukana atafanya kazi shamba la kijiji msimu mzima. Niliisoma kwa sauti yangu ileile inayofika mbali. Wa kwanza kupatikana nayo alikuwa Nkwabi, na mgambo wakampeleka kung'oa miti ya pamba na kuichoma, na usiku kulinda ghala la mbegu. Nilijiona nimesafisha kijiji.

Ulivyosema jana, ndivyo nilivyokuwa nasema mimi. Midomo michafu.

Manju wa kundi letu alikuwa Sitta. Wewe humkumbuki akiimba, na ni hasara yako, kwa sababu sijasikia tena sauti kama ile. Mwaka huo surua ilipita, ikamchukua binti yake, yule mliyekuwa mnakwenda naye kuteka maji. Alikaa kimya muda mrefu, tukafikiri hatarudi ngomani. Aliporudi alisimama katikati, hakuruka wala hakutoa jicho, akaimba polepole. Nakuandikia kwa Kiswahili, isipokuwa ile asante yetu, wabeja; utamu wote umebaki kwenye Kisukuma:

Bibi wa mwisho wa mstari, wabeja kutulindia usiku,
moto wako haulali, macho yako hayalali,
watoto wetu wakilala wewe unawahesabu,
asubuhi tukihesabu sisi, mmoja hayupo.

Hakuna aliyecheka. Kwenye ngoma ya matusi watu hucheka, wanapigana makofi ya mgongo, wanamtafuta aliyeimbwa waone amefanya sura gani na mara nyingi yeye mwenyewe anacheka. Siku ile uwanja mzima uligeuza shingo upande mmoja, kule alikokuwa amesimama bibi Milembe na ungo wa njugu alizoleta kuuza. Halafu watu wakaanza kuhama kutoka kwa wenzetu kuja kwetu, kimyakimya, mpaka upande wa pili ngoma ikawa inapigwa bila watu. Tulishinda. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Jioni ukauimba hapa uani. Wimbo wa Nkwabi nilikuchapia. Huu wa Sitta nilikuambia uurudie, nikamwita mama yako aje asikie sauti yako ilivyonyooka.

"Mimi wimbo huu siupendi," akasema.

"Una nini?"

"Sijui una nini. Siupendi tu."

Nikamwambia hajui muziki.

Asubuhi bibi Milembe alikuja. Tulisalimiana vizuri, mwangaluka, mwangaluka mayu, akakataa kigoda, akakaa chini.

"Mwenyekiti, wameniimba."

"Nimesikia, mayu. Sasa sheria yetu ni ya matusi. Nionyeshe tusi liko wapi, nimwite Sitta leo hii."

"Tusi halimo. Ndiyo maana nimekuja."

Sikumwelewa, na nilimwambia hivyo. Akaniangalia na macho yake yale.

"Nkwabi alisema makalio yako ni ya ng'ombe aliyekonda, ukampeleka shamba. Mimi wamesema nahesabu watoto, unaniuliza tusi. Mwanangu, ng'wana wane, umewahi kusikia mtu amekatwa panga kwa sababu ya makalio yake?"

Ungekuwepo ungecheka, na mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia ni maneno tu, mayu, ni mtu mwenye msiba, watu wataimba wiki mbili watasahau. Nikamwambia asipoyasikiliza yataisha yenyewe. Hapo ndipo nilipokuwa Shija. Akasema wabeja, akainuka akijifuta mavumbi, akaenda.

Hawakusahau. Wimbo ulikwenda mashambani, ukaimbwa kwenye kuchambua pamba iliyobaki, ukaimbwa na wanawake wakitwanga. Aliyekuwa na mtoto anaumwa tumbo alianza kuangalia mwisho wa mstari. Kisimani wakawa wanasubiri amalize aondoke ndipo wasogee. Wewe mwenyewe ulikatazwa kwenda kwake na shangazi yako, nami nikanyamaza ili kuwe na amani nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno mchawi. Wangelitamka ningekuwa na pa kushika, maana serikali inakataza kumwita mtu mchawi, na mimi nilikuwa naijua sheria hiyo. Walikuwa wanaimba tu asante.

Jioni moja ya ngoma, kijiji kizima kikiwa uwanjani na mimi nikiwamo, watu waliingia kwa bibi Milembe. Asubuhi nilikwenda kuona. Mlango ulikuwa umepasuliwa, mbuzi wote wawili wamelala damuni, mitungi imevunjwa. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kimekatwakatwa upande mmoja tu, upande wa kichwani. Nilikaa juu ya jiwe lake la kusagia.

Yeye hakuwemo. Tangu siku nilipomwambia watasahau alikuwa hajalala kwake hata mara moja. Alikuwa anakwenda ghala la mbegu giza likiingia, na mlinzi wa ghala alikuwa anamfungulia, anamtandikia magunia nyuma ya mbegu, na kabla hakujakucha anamtoa. Na mlinzi wa ghala, kama umeshasahau, alikuwa Nkwabi, mtukanaji, mfungwa wangu.

Alinijia asubuhi ileile mbele ya watu wote. Matusi aliyonitukana siku hiyo hata ngomani hayaimbwi. Mgambo wakaniangalia, wanasubiri niseme neno. Nikawaonyesha kwa mkono wamwache. Alipomaliza ya nguoni akaja kwenye lenyewe.

"Mimi nilikutukana wewe!" akasema. "Wewe mwenye mgambo, mwenye muhuri, mwenye baiskeli. Ungeweza kunijibu kila siku ya Mungu. Sasa bibi huyu ajibu nini? Aimbe kwamba hahesabu watoto? Manju gani atamwimbia, akishamwimbia si ataambiwa wanahesabu wote?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Lishike, Minza, lina kazi kuliko vitabu vingi utakavyopewa.

Waliokata kitanda hawakupatikana. Watu mia walikuwa ngomani na wote walikuwa wanaangalia mbele, hakuna aliyeona nani kaondoka. Nikampeleka Sitta mahakamani. Karani akauandika wimbo kwa Kiswahili, hakimu akavaa miwani akausoma mara mbili. Alikuwa mtu mtaratibu, hakuwa mtu mbaya hata kidogo.

"Mwenyekiti, neno mchawi liko wapi?"

"Halimo, mheshimiwa."

"Tusi?"

"Halimo."

"Amesema mtu yeyote amdhuru?"

"Hakusema."

"Basi mimi ninachosoma hapa ni mtu anamshukuru bibi kwa ulinzi."

Sitta akaachiwa. Sikuweza kumkasirikia yule hakimu, kwa sababu swali lake nilikuwa nimemtangulia kuliuliza, nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu na mhusika amekaa chini.

Tulirudi njia moja, Sitta na mimi, nikikokota baiskeli. Tulikwenda mwendo mrefu.

"Ulitaka watu waelewe nini?" nikamuuliza mwisho.

"Sikusema mchawi."

"Sikukuuliza hilo."

Akasimama katikati ya barabara. "Mtoto wangu amekufa, mwenyekiti. Surua haina nyumba, haina jina, utaishika wapi? Nilitaka niwe na mtu wa kumdai."

Akalia, na mimi nikalia naye, nakwambia kweli. Nilikuwa nimempeleka mahakamani asubuhi na jioni nimemshika bega. Hakuuimba tena wimbo ule. Lakini wimbo haukuwa wake tena. Miezi baadaye nilikwenda Nassa kununua dagaa, nikawakuta watu ziwani wanavuta nyavu wanauimba, watu ambao hawajawahi kumwona bibi Milembe wala mstari wetu. Nikamuuliza mmoja, bibi huyo ni nani? Akanionyesha kwa kidevu, juu kilimani, nyumba ya udongo imejitenga. Walikuwa na wa kwao.

Niliporudi nilitaka kufunga kila kitu. Ngoma zote, nyimbo zote, mwaka mzima. Niliileta hoja halmashauri nikiwa na uhakika, na nilifikiri bibi Milembe atanishukuru. Tulikuwa tumemwita, akakaa mlangoni.

"Ukifunga nyimbo watanisema jikoni," akasema. "Wimbo niliusikia kwa masikio yangu, nikajua kujificha. Ya jikoni nitayasikia lini?"

Nkwabi naye, kifungo kimeisha, akauliza kutoka dirishani: "Na karani wa mizani nani atamwimba?" Karani wa mizani alikuwa ameketi karibu yangu akaanza kukohoa, na kikohozi hicho kilinifundisha nani alikuwa anaipenda sheria yangu na kwa nini. Maana tangu nipige marufuku matusi, hakuna aliyethubutu kusema ngomani kwamba mizani ya pamba inalala upande mmoja. Wakisema, wanaambiwa wametukana.

Kwa hiyo tukaiandika upya, na tuliandika kwa tabu, tukifuta na kurudia. Mwenyekiti, katibu, karani, mwalimu mkuu, mwenye ng'ombe wengi, waimbwe mpaka masikio yao yazoee. Waimbwe hata kwa uongo, watajibu, wana vinywa na wana watu. Lakini anayeimba kwamba fulani anaua, au kwamba hafai kuishi na watu, awe ameimba kwa neno chafu au kwa neno la kusifu, ataitwa asimame mbele ya huyo aliyemwimba, bila ngoma, aseme kwa kinywa kikavu anachomaanisha. Akishindwa, ataukana wimbo wake uwanjani palepale alipouimbia, na akikataa anavuliwa umanju. Sitta alisimama akaukana. Nusu ya watu walimwamini. Wale wengine ilibidi tuwalinde wasimfikie bibi kwa miaka, Nkwabi na mimi na mgambo, kwa zamu.

Nikuambie na hili, kwa sababu utalikuta kwenye kazi yako. Wakati huohuo nikimfunga Nkwabi kwa makalio, mimi mwenyewe jukwaani nilikuwa namwita mzee Salum wa dukani kupe. Nilisema kupe hukamatwa na kusagwa chini ya kidole, na nikaonyesha kwa kidole gumba, watu wakashangilia. Asubuhi duka lake lilikuwa limevunjwa na chumvi imemwagwa barabarani. Hakuna sheria ndogo iliyonigusa, kwa sababu aliyekuwa anatunga sheria ndogo nilikuwa mimi, na niliita kelele zangu siasa. Mzee Salum alinisalimia kila siku mpaka alipohamia Mwanza na hakuwahi kunirudishia neno. Angemtafuta manju gani?

Ndiyo maana jana sikukubaliana na wewe wala na Shija. Mambo mengi katika maisha yangu sina hakika nayo, pamoja na ile kamba na vigingi, lakini hili nina hakika nalo. Sheria imlinde Nkwabi. Imlinde anaponiudhi, anapokosea, anapokuwa mchafu kiasi kwamba mama yako anatoka nje. Watu wanaofungiwa mdomo kwa ajili ya heshima ya wakubwa wataibiwa kwenye mizani huku wanasalimia kwa adabu. Na sheria isimlinde Sitta, ingawa nilimpenda na ingawa msiba wake ulikuwa wa kweli. Kumchukia mtu moyoni hakuna hakimu awezaye kukukataza, hata ukisema unamchukia mimi sioni kosa la kufungia. Lakini Sitta alimchukua mtu mmoja asiye na wa kumjibia, akamsimamisha mbele ya watu wenye mapanga na misiba, akawaambia kwa sauti tamu waangalie upande gani. Hilo ni tendo. Lingefanywa kwa kidole lingekuwa lilelile.

Utaniuliza nani atapima, na huo ndio ugumu wake, siufichi. Utapima wewe. Utakosea mara kadhaa, na afadhali ukosee kwa kumwacha mtukanaji aende zake kuliko kumfunga mtu kwa sababu amekuchoma mahali panapouma. Siku ukiimbwa wewe, Minza, na utaimbwa, hakimu mwanamke hawatamwacha, kesi hiyo mpe mwenzako. Mimi nilipima matusi nikiwa na kidonda cha matusi, ndiyo nikaona makalio yangu na sikuona panga.

Na wakikuletea wimbo umeandikwa kwenye karatasi, karatasi iweke pembeni kwanza. Mwite anayelalamika asogee. Muulize tangu wimbo uimbwe nani ameacha kuteka naye maji. Muulize analala wapi.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini kuna jambo limetokea sasa hivi ninapoandika, na nimeketi nalo kabla ya kulichukulia kalamu.

Umekua unaambiwa kwamba bibi Milembe haendi sokoni, haendi kanisani wala msibani kwa watu kwa sababu ya miguu. Sisi ndio tulikuambia. Miguu yake haina kitu. Tangu siku ile uwanja ulipogeuza shingo kumwangalia hajasimama tena penye watu wengi, mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyemgusa hata ukucha, na nyimbo zimeshabadilika mara ngapi, na Sitta amezeeka anachunga mbuzi wa wajukuu. Wale waliokuja na mapanga hawakumpata, lakini alichokuwa nacho cha kutembea katikati ya watu kama mtu, kilichukuliwa, na hukumu yangu yote iliyofuata haikukirudisha.

Amekuja sasa hivi, amejishikilia kwenye ukuta wa ghala, akaniuliza basi lako la kwenda kukamata treni Shinyanga kesho linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili. Akauliza stendi kuna watu wengi saa hizo? Sikutaka kumdanganya, nikamwambia mayu, stendi hujaa. Halafu akasema, "Basi nitakuja mapema, nipate pa kusimama."

Kwa hiyo kesho utamwona. Najua utakuwa na haraka, mizigo inapandishwa, kondakta anapiga kelele, mama yako analia. Acha mizigo. Mwendee yeye kwanza kabla ya sisi wote, umpigie goti pale katikati ya watu, umwamkie kwa sauti kubwa ambayo stendi nzima itasikia.

Baba yako,
Maduhu